Punda wangu anaijua Ijumaa. Nani atanieleza anaijuaje?

Mtu wa Punda (Langoni)
Salaam wanajukwaa. Kazi yangu ni punda hapa Amu, kisiwani Lamu, nabeba mchanga na mawe ya kujengea kutoka ufukweni kupeleka mitaani. Nina dume mmoja, mzee kidogo, usiku simfungi. Siku za kazi nikitoka msikitini alfajiri namkuta keshafika pale tunapopakia, kainamisha kichwa anangoja shogi la mzigo mgongoni. Ijumaa sipakii. Na Ijumaa hayupo! Ukimtafuta utamkuta jaani na wenziwe anachambua maganda ya maembe. Sijampeleka, sijamfukuza.
Barazani tumegawanyika. Mmoja anasema punda anahesabu siku. Mwingine anasema punda ni punda tu. Mimi nasema ana akili kuliko baadhi ya watu ninaokaa nao hapo, majina nayahifadhi. Wenye elimu nisaidieni: hii ni akili au siyo? Na kama ni akili, inapimwaje?

Binti Mkomani
Umetaja msikiti, umetaja alfajiri, hukutaja nguo. Ijumaa si unatoka na kanzu iliyopigwa pasi? Punda anakusoma mwilini, kaka. Hahesabu chochote.

Mtu wa Punda (Langoni)
Kanzu naivaa saa tano. Alfajiri natoka na kikoi kile kile cha kila siku. Tena nikitoka, yeye keshaamua zamani. Hanioni kwanza ndipo aondoke.

Pweza Mkavu
Basi ana kalenda ya duka ukutani. Mwulize Ramadhani inaandama lini, atuokoe na ugomvi wa mwezi.

Mwalimu Mstaafu
Mtu wa Punda, kisa chako kina ndugu yake wa zamani. Berlin palikuwa na farasi aitwaye Hans. Mwenyewe, Wilhelm von Osten, alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu kama mimi, akamfundisha kujumlisha. Ukimwuliza tatu na nne, anapiga kwato mara saba. Mwaka 1904 ikaundwa tume ya kumchunguza, ikasema haikuona ujanja. Ndipo akaja Oskar Pfungst na majaribio ya subira. Akaleta muulizaji asiyejua jibu, Hans akakosea. Akamkinga Hans asimwone muulizaji, akakosea tena. Kumbe farasi alikuwa akimtazama mtu: kwato ikikaribia jibu muulizaji hukaza mwili, jibu likifika kichwa chake husogea kidogo sana bila mwenyewe kujijua. Pfungst alichapisha hayo mwaka 1907, na alieleza kwamba hata yeye aliyeijua siri alishindwa kujizuia asitoe ishara hizo.
Kwa hiyo msiulize punda anajua nini. Ulizeni mji unabadilika nini usiku wa kuamkia Ijumaa.

Kijana wa Shela
Unabadilika mengi, mwalimu. Uradi misikitini, nyumba zinafukizwa ubani, watoto hawaendi madrasa asubuhi. Pua na masikio ya punda si yetu. Akivuta pumzi moja tu usiku ule anajua kesho ni siku gani.

Nahodha wa Zamani
Nyote mnazunguka. Ni mashua za mchanga. Ijumaa asubuhi haziji kufunga pale, hakuna pondo, hakuna makoleo, hakuna makelele. Punda anasikia kimya anakwenda zake.

Mtu wa Punda (Langoni)
Nahodha, shikamoo. Wewe wajua kuliko mimi kwamba mashua hufuata maji, hazifuati siku. Maji yakiwa mafu ziko siku za kazi ambazo hakuna hata moja alfajiri, na punda yupo anangoja. Mchanga uliobaki juzi si tunaubeba?

Nahodha wa Zamani
Marahaba. Bado nasema ni mashua.

Mtaka Ushahidi
Majaribio ni rahisi. Ijumaa moja toka ukafanye kazi. Jumanne moja kaa ndani, choma ubani, mwambie mtu aweke uradi kwenye simu karibu na jaa. Ona atakwenda wapi. Bila hivyo mtabishana mpaka kusi igeuke kaskazi.

Binti Mkomani
Ukimpakia Ijumaa kwa ajili ya watu wa intaneti nitakupeleka hospitali ya punda pale ufukweni wakakuseme. Iko tangu 1987, wanajua kesi zote za mji huu.

Daktari wa Mifugo, Malindi
Naingia kwa upande wangu. Watu huita punda mjinga kwa sababu akiogopa hakimbii, anasimama kama mwamba. Farasi ni mnyama wa nyika tambarare, akishtuka anatimka. Jamaa zake punda wa mwitu ni wa nchi kavu yenye mawe huku kwetu kaskazini-mashariki ya Afrika, na kwenye mawe ukikimbia bila kutazama unavunjika mguu. Kwa hiyo anasimama, anapima, ndipo anaamua. Wewe uliye nyuma na fimbo unaona ukaidi. Uchunguzi wa vinasaba uliotoka 2022 unaonyesha alianza kufugwa Afrika Mashariki yapata miaka 7,000 iliyopita, kwa hiyo ametuzoea muda mrefu kuliko tulivyozoea chai. Na kumbukumbu yake ya njia na ya mtu aliyemtesa ni kali.
Kuhusu Ijumaa sina jibu. Ila kitu cha kila siku ya saba ni kigumu kwa mnyama kukishika kwa kuhesabu tu. Ishara ya nje ipo mahali.

Maweni Boy
Nyie watu wa Amu mna punda, sisi Malindi tuna kunguru. Kaeni na huyo bingwa wenu wa maganda. Nenda soko la samaki uone. Ukiokota jiwe, hata hujanyanyua mkono, kunguru wote wamesharuka. Ukiinama kufunga kiatu hawajali. Na akikujua wewe ndiye mrusha mawe, kesho ukipita mikono mitupu atakupigia kelele mpaka ufike nyumbani. Hili si porojo: kule Seattle profesa John Marzluff na wenzake walinasa kunguru wakiwa wamevaa kinyago cha uso fulani. Baadaye mtu yeyote aliyepita na kinyago kile alizomewa, hata na kunguru ambao hawakunaswa. Wameambizana.

Pweza Mkavu
Kunguru wa Malindi ni Mhindi lakini. Hana kitambulisho.

Maweni Boy
Kweli, ni kunguru wa India, aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale taka, akaanza kula vifaranga. Mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuondoa milioni moja. Na hapo ndipo utajua akili. Sumu inayotumika imechaguliwa ya polepole: ndege anakula sasa, anakufa baada ya saa nyingi akiwa mbali. Angekufa pale pale, wenzake hawangegusa chambo tena.

Binti Mkomani
Kwa hiyo kipimo chetu cha akili ya mnyama ni ugumu wa kumuua. Hongereni.

Mwalimu wa Hesabu, Kizingitini
Mada nzuri, lakini hakuna aliyejibu swali la pili, kupima. Binadamu ameshapimwa. Alfred Binet ndiye aliyebuni IQ, ile alama ya akili, kule Paris, mwaka 1905, na tangu hapo akili ni namba. Wastani ni 100, walio wengi wako kati ya 85 na 115. Mnyama naye anaweza kutungiwa mtihani wake tukamaliza ubishi.

Mwalimu Mstaafu
Mwenzangu, hapo rekebisha kidogo. Binet na Théodore Simon walitunga mtihani wa 1905, ndiyo, lakini hawakutoa IQ. Walitakiwa kutambua watoto wanaohitaji msaada zaidi darasani, basi. Neno la kugawa umri wa akili kwa umri wa miaka ni la Mjerumani William Stern, 1912. Kuzidisha kwa 100 na kulitangaza ni Lewis Terman wa Marekani, 1916. Binet alikuwa keshafariki 1911. Naye alionya kabisa kwamba matokeo yake yasichukuliwe kama kiasi cha kudumu alichozaliwa nacho mtoto. Chombo cha kumsaidia mtoto kikageuzwa muhuri wa kumpiga usoni.

Mwalimu wa Hesabu, Kizingitini
Stern, Binet, wote Wazungu wa zama zile zile. Hoja yangu iko pale pale: namba inapatikana.

Mama Wawili
Kuhusu muhuri usoni, acheni niseme langu. Mwanangu wa kwanza alipelekwa kupimwa, sitataja wapi. Wakamwonyesha picha zenye upungufu, aseme kinachokosekana. Picha moja ni gari. Watoto wetu wa Amu gari wanalijua, lakini wengi hulipanda wakivuka Mokowe, upande wa bara, tu. Mtoto akatazama, akasema: “Hakuna dereva.” Jibu lililotakiwa lilikuwa kishikio cha mlango. Sifuri. Picha ya pili sijui ni mahali pa moto pa kuotea baridi nyumbani, akasema nyumba inaungua. Sifuri. Nikapewa karatasi imeandikwa uwezo wake ni wa chini.
Nilirudi nalia. Mjomba wake, fundi wa mashua Matondoni, hakusema kitu. Alichukua kipande cha mkaa akachora jahazi juu ya ubao, tanga limejaa upepo. Mtoto hakukaa hata kidogo: “Joshini haikufungwa, hii foromali itamgeukia.” Mimi mwenyewe nilikuwa sijaona (joshini ni kamba ya mbele ya tanga, foromali ni mti unaolibeba). Mjomba akachora nyingine, usukani upo, kila kitu kipo. Akatazama muda, akasema hii upepo unatoka huku na bendera inakwenda kule, mchoraji kakosea.
Sasa mwalimu wa Kizingitini, namba yake ni ngapi?

Mwalimu wa Hesabu, Kizingitini
Dada, pole. Hiyo mitihani haikutafsiriwa kwa mazingira yetu, hilo ni kosa la aliyeitoa. Si kosa la kupima.

Mtaka Ushahidi
Namuunga mkono mwalimu, mtanichukia. Charles Spearman mwaka 1904 aliona jambo ambalo halijafutika mpaka leo: wanafunzi wanaofanya vizuri somo moja huelekea kufanya vizuri na mengine, hata masomo yasiyohusiana. Akasema kuna uwezo mmoja wa jumla chini yake. Na mitihani hii, pamoja na ubaya wake, inabashiri maendeleo ya shule kuliko macho ya mwalimu yanayompenda mtoto mwenye viatu safi. Howard Gardner alikuja 1983 akasema akili ni nyingi, ya muziki, ya mwili, ya watu. Inapendeza sana masikioni, ila ushahidi wa vipimo ni mchache. Kila mzazi akaikumbatia kwa sababu hakuna mtoto anayeanguka.

Mama Wawili
Mimi sikumtaja Gardner. Nimetaja joshini.

Embu Kwetu
Jamani hii mitihani inabadilika hata ndani ya Kenya. Watoto wa vijijini Embu walipewa mtihani wa Raven, ule wa kukamilisha michoro isiyo na maneno, mwaka 1984. Mwaka 1998 watoto wa umri ule ule, sehemu ile ile, wakapewa tena. Alama zilikuwa zimepanda sana. Damu ya watu haibadiliki kwa miaka 14. Waliofanya utafiti walitaja lishe, elimu ya wazazi na familia kupungua ukubwa. Kama akili ni kitu cha kuzaliwa nacho, kilichopanda ni nini?

Mtaka Ushahidi
Urefu nao hupanda kwa lishe, na bado tunaupima kwa futi. Kupanda hakuthibitishi kwamba kipimo ni uongo.

Jirani wa Ziwa
Mkitoka Embu njooni Usenge, karibu na Ziwa Victoria. Robert Sternberg na wenzake walichapisha mwaka 2001: waliwapima watoto wa kijijini juu ya dawa za miti shamba za kutibu minyoo na maradhi mengine ya kwao, kisha wakawapa na majaribio ya msamiati ya kawaida. Waliozijua dawa vizuri ndio walioelekea kupata alama ndogo kwenye msamiati. Yaani si kwamba viwili havihusiani, vinavutana kinyume.

Binti Mkomani
Au aliyekuwa porini na bibi akichimba mizizi hakuwa darasani. Mchana ni mmoja.

Msimamizi
Wawili wametukanana kwenye faragha kwa sababu ya kabila na alama za mtihani. Endeleeni na wanyama, tafadhali.

Pweza Mkavu
Sawa bosi. Mwanadamu ndiye mwenye ubongo mkubwa kuliko wote, ndiye anayewapima wengine. Uzi ufungwe.

Daktari wa Mifugo, Malindi
Usifungwe kwa uongo. Ubongo wetu ni kama kilo 1.4. Wa ndovu unakaribia kilo 5, wa nyangumi yule mkubwa mwenye meno unafika kama 8. Ukisema tugawe kwa uzito wa mwili, binadamu na panya wanakaribiana. Ukisema tuhesabu seli za neva, sisi tuna kama bilioni 86 na ndovu wa Afrika alipohesabiwa akakutwa na bilioni 257. Ila karibu zote ziko ubongo wa nyuma unaoendesha mwili, huenda kwa ajili ya mkonga. Kila ukipata mizani, mnyama fulani anakaa juu yake vizuri kuliko wewe.

Maweni Boy
Na Kyoto kuna sokwe aitwaye Ayumu. Mwaka 2007 walionyesha namba zikitokea kwenye skrini kwa chini ya nusu sekunde kisha zinafunikwa, yeye anazigusa kwa mpangilio kuwashinda wanafunzi wa chuo kikuu.

Mtaka Ushahidi
Wanafunzi ambao hawakufanya mazoezi kama yeye. Wengine walipofanya mazoezi ya kutosha walimfikia. Ukilinganisha, linganisha sawa.

Mtoto wa Kijiweni
Ndovu mmemgusia mkampita. Amboseli, utafiti wa 2014 wa Karen McComb na wenzake. Walirekodi watu wakisema maneno yale yale, “tazama kule, kundi la ndovu linakuja”, kwa Kimaasai na kwa Kikamba, wakawachezea ndovu kwa spika. Sauti ya mwanamume wa Kimaasai, ndovu wanajikusanya na kurudi nyuma. Ya Mkamba, wanajali kidogo tu. Ya mwanamke wa Kimaasai au mtoto wa kiume, hawahangaiki sana. Wanajua nani hubeba mkuki. Basi punda kusikia kwamba bwana wake leo hakukohoa na kuvuta makoleo usiku, ni muujiza gani?

Pweza Mkavu
Ndovu na wao wamejifunza ukabila. Kenya hii haimwachi mtu.

Mtu wa Punda (Langoni)
Hilo la makoleo! Alhamisi usiku nayaacha kwa jirani. Siku nyingine yanalala mlangoni kwangu. Lakini punda halali mlangoni kwangu, hulala huko Mkunguni. Angeyaona wapi?

Nahodha wa Zamani
Jirani yako anakaa wapi?

Mtu wa Punda (Langoni)
Njia ya Mkunguni, lakini ndani ndani.

Nahodha wa Zamani
Mhm.

Mvuvi wa Kipungani
Mnasahau baharini. Pweza akiingia shimo hujifungia mlango kwa mawe, anayavuta moja moja kwa mikono yake. Sisi humjua kwa huo mlango wake: mawe yamepangwa na maganda ya kaa yametupwa nje. Ukimtoa ukamweka ndoo bila kifuniko, geuka tu, hayupo. Wasomi wanasema ana seli za neva kama milioni 500 na theluthi mbili ziko mikononi, si kichwani. New Zealand mwaka 2016 mmoja aitwaye Inky alitoka kwenye tangi la maonyesho mjini Napier usiku, akapita sakafuni, akaingia bomba la maji machafu linalokwenda baharini. Na huyu hafundishwi na mama. Mama hufa mayai yakianguliwa. Kila pweza anaanza moja.

Kijana wa Shela
Lakini mjomba, kioo hawezi. Kile kipimo cha Gordon Gallup cha 1970: mnyama anapakwa alama usoni, anawekwa mbele ya kioo, akijigusa alama basi anajijua. Sokwe walifaulu, pomboo na ndovu wakafuata.

Daktari wa Mifugo, Malindi
Na mwaka 2019 samaki mdogo msafishaji, yule anayekula kupe za samaki wengine kwenye matumbawe, akafaulu pia. Wanasayansi wakagawanyika: ama samaki anajijua, ama kipimo hakipimi tulichodhani. Mbwa hufeli kioo kila mara. Anaishi kwa pua, kioo hakinuki.

Wa Mangai
Nawasomea kutoka bara, kwetu Waboni. Sisi tunatafuta asali na ndege. Unapiga mbinja, anakuja kiongozi-asali, analia mbele yako, anaruka mti hadi mti, ukichelewa anarudi kukufuata. Akifika mzinga ananyamaza. Unafukiza, unachukua asali, yeye anakula nta na mabuu. Waborana nao wanafanya hivyo, na mwaka 1989 Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer walipima: bila ndege, kupata mzinga kulichukua wastani wa saa karibu 9, ukiwa naye saa kama 3. Hapo nani kampima nani? Yeye anajua mzinga uko wapi na anajua kwamba mimi nina moto na shoka.

Mtaka Ushahidi
Nikuulize. Kiongozi-asali hutaga kwenye viota vya ndege wengine. Kifaranga halelewi na mzazi wake. Nani alimfundisha kuongoza watu?

Wa Mangai
Hakuna.

Mtaka Ushahidi
Basi kazaliwa nayo. Kama kazaliwa nayo si akili, ni mtambo.

Mvuvi wa Kipungani
Na pweza wangu hakufundishwa ila hakuzaliwa anajua ndoo. Huyo utamweka wapi?

Wa Mangai
Ndugu Ushahidi, sikiliza. Kijana wa ndege yule, wa mwaka wa kwanza, mara nyingi anatupeleka ovyo, mti hauna kitu. Ndege wazee tunawajua kwa sauti, hao tunawafuata mpaka ng'ambo ya mto bila kusimama. Kwa hiyo lipo alilozaliwa nalo na lipo alilokusanya. Sasa wewe na mitihani yako, mkipima mtoto, mnapima lipi?

Mtaka Ushahidi
Yote mawili kwa pamoja. Ndiyo tabu yake.

Pweza Mkavu
Wa Mangai, asali ya safari hii mnauza kwa chupa au kwa ndoo? Nitumie ujumbe.